Usiku wa Sakitu

Mazungumzo ya Uani

Hapa Bunju upepo wa kusi watusumbua kidogo. Asubuhi nawaona watoto wa jirani wakienda shule na sweta juu ya mashati, na jana bibi mmoja wa mtaani kwetu alikwenda kununua maandazi amejitanda blanketi zima, pindo lake laburura mchangani. Nilicheka kimoyomoyo. Miaka ya nyuma nisingecheka, maana hata mimi nilidhani baridi ya Bunju ya mwezi wa saba ndiyo baridi. Sasa nimekwisha kuiona yenyewe, nayo nusura initie msibani.

Habari hii nimekaa nayo mwaka mzima bila kuiandika. Sababu ni aibu, wala sina nyingine. Lakini juma lililopita jirani yangu mmoja alikuja kuniaga. Anakwenda Njombe kumtunza binti yake aliyejifungua. Nikamsaidia kufunga mizigo, na katikati ya nguo nikaona jiko la mkaa, jipya, limeviringwa vizuri kwa magazeti. "La kumwekea mzazi chumbani," akasema. Palepale nikaketi juu ya gunia la mchele wake nikamweleza yote, na nilipokwisha kumweleza yeye nikaona hakuna haja tena ya kuwaficha ninyi.

Binti yangu wa tatu ameolewa Makete, mkoa wa Njombe. Bwana wake hufanya kazi ya kupasua mbao, maana huko misonobari imepandwa mlima hata mlima. Julai mwaka jana alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, nami ikanipasa kwenda. Kwetu pwani mzazi haachwi peke yake mpaka siku arobaini zitimie. Nikafunga mchele, nazi sita, ng'onda, khanga doti mbili, na chupa ya mafuta ya nazi ya kumpaka mtoto. Miguuni nilivaa ndala. Sweta nilikuwa nayo moja, ya shule, ya kitindamimba wangu.

Tulitoka kituo cha Magufuli pale Mbezi alfajiri. Morogoro jua lilikuwa kali. Mikumi tuliwaona twiga kando ya barabara, abiria wote wakasimama kuchungulia kama watoto. Iringa upepo ukaanza kuingia, na Makambako kijana aliyekaa mbele yangu akafunga dirisha bila kuniuliza, nami nikamshukuru bila kumwambia. Njombe nililala. Asubuhi nikapanda gari la Makete nimevaa nguo zote nilizokuja nazo, moja juu ya nyingine, kama mtu anayehama bila sanduku.

Sisi wa Bunju twakaa karibu na bahari, si juu wala si mbali. Uwanda wa Kitulo, ambao kijiji cha mkwe wangu kiko jirani nao, uko mita 2,600 hivi juu ya bahari. Nao wataalamu wanasema kila ukipanda mita elfu moja joto hupungua nyuzi sita au zaidi kidogo. Basi fanyeni hesabu wenyewe. Usiku wa Julai ambao Bunju ni nyuzi kumi na tisa au ishirini, kule zimebaki mbili tatu tu, na hapo bado hujahesabu mambo ya anga nitakayoyaeleza mbele. Wenyeji huuita uwanda ule Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake wakati wa mvua, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Mimi maua sikuyaona. Julai majani yote yalikuwa rangi ya kahawia, na kondoo walikuwa wamebanana wote upande wa jua.

Mama yake bwana wa binti yangu ni mjane wa makamo yangu, mwembamba, mwenye maneno machache. Alinipokea vizuri kabisa. Kabla hata sijaketi alinitazama miguu, akaingia ndani, akatoka na soksi nene na viatu vya marehemu mumewe. "Vaa, mkwe. Ndala zako ziweke, utazivaa siku ya kurudi." Nikavaa. Vilikuwa vikubwa, nikawa natembea kama bata, lakini sikuvivua tena mpaka nilipoondoka.

Nitawaambia jambo la kuchekesha kabla ya yale mengine. Asubuhi ya kwanza nilitafuta ile chupa ya mafuta ya nazi nimpake mtoto, sikuiona. Kumbe mkwe ameiweka jikoni kabatini. Mafuta ya nazi hayapendi baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi ishirini na nne hivi huanza kuganda. Kwetu yanaganda kidogo tu siku za kusi, kule yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa, hata ukiipindua chupa hayashuki. Mkwe alidhani nimemletea samli. Alikuwa amekwisha kuyachokoa kwa kisu na kuyatia kwenye maharage, nasi tuliyala maharage yale, na yalikuwa matamu.

Sasa nije kwenye jiko.

Katika nyumba ile maisha yote ya jioni yako jikoni. Jiko lao ni kibanda cha pembeni, moto wa kuni wawaka kutwa, na watu hukaa kuuzunguka wakimenya viazi mviringo mpaka usingizi uwashike. Lakini chumba alicholala binti yangu na kichanga chake kilikuwa katika nyumba kubwa, nyumba nzuri ya matofali, mabati juu, dari ya mbao, madirisha ya vioo. Nami nikaona hakuna moto humo. Nikamwuliza mkwe. Akasema, "Huku hatulali na jiko, mkwe. Lina hewa mbaya." Akaendelea na viazi vyake.

Alichofanya yeye ni hiki. Jioni, watu wangali macho, aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaacha mlango na dirisha wazi, chumba kikapata uvuguvugu. Halafu kabla ya kulala alilitoa nje, mpaka kule jikoni, ndipo akafunga dirisha. Akajaza maji ya moto katika chupa mbili, akazikaza vizibo, akazifunga kwa vitambaa, akaziweka miguuni pa binti yangu, mbali na mtoto. Mtoto alivishwa kofia na soksi, akalazwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yao wote wawili.

Mimi niliona huo ni ubahili. Ndiyo, naandika kama nilivyowaza. Nilijisemea: jiko lipo, mkaa upo, na kichanga cha siku tisa chalala bila moto katika nchi ya barafu, eti chupa za maji. Bibi zetu huku pwani walimwekea mzazi moto chumbani na hapakuharibika neno. Mimi mwenyewe nilizaliwa hivyo.

Jambo ambalo sikulifikiri, wala hakuna aliyewahi kunieleza, ni nyumba ambayo bibi zetu walikuwamo. Ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti, na juu ya ukuta pana nafasi ambayo hata popo hupita. Moto ule ulikuwa kama uko nje. Hewa yake mbaya ilipanda ikatoka kwenye makuti bila mtu kujua kwamba ilikuwapo. Ile nyumba ya Makete ilikuwa na dari, na vioo, na mlango unaofunga barabara. Desturi niliichukua kutoka Bunju, makuti sikuyachukua.

Siku ya tatu jioni upepo ulikoma kabisa. Mchana anga lilikuwa buluu bila wingu hata moja, na jua lilipozama nyota zikatokea nyingi kuliko nilizopata kuona maishani mwangu. Mimi nikasema, "Leo usiku mzuri." Mkwe alisimama uani akatazama juu, kisha akatazama bondeni. Akasema, "Leo itashuka."

Wenyewe husema barafu imeshuka. Jina lake hasa ni sakitu, nayo kwa kweli haishuki kutoka juu. Mkwe hakunieleza hivyo. Mwalimu mmoja wa pale kijijini ndiye aliyenieleza baadaye. Mchana ardhi hupata joto la jua, na usiku joto hilo hupanda kurudi angani. Mawingu yakiwapo huwa kama blanketi, yanalizuia. Mawingu yasipokuwapo, na hewa ikiwa kavu na upepo haupo wa kuichanganya, joto lote huondoka, na majani hupoa kuliko hata hewa yenyewe, mpaka unyevunyevu ulio juu yake unaganda kuwa vumbi jeupe la barafu. Tena hewa ya baridi ni nzito. Hutiririka kama maji kuelekea bondeni na kutuama huko. Ndiyo sababu mkulima wa kule huogopa bonde zaidi ya mlima.

Bondeni mkwe alikuwa na viazi vya kiangazi katika udongo wenye unyevu, na vingine juu kidogo, kwenye mteremko, mahali ambapo, alisema, barafu haijawahi kupafikia tangu aolewe. Vya bondeni walivifunika nyasi yeye na vijana wawili wa jirani mpaka giza likaingia. Nyasi zikaisha. Wakapatana kuamka saa tisa usiku, wabebe maji na makaa, wavinyunyizie vya mteremko maji na kuwasha nyasi mbichi kandokando zitoe moshi. Shamba lile ndilo lililokuwa ada ya shule ya binti yake mdogo na mbolea ya msimu unaofuata. Aliniambia hivyo bila kulalamika, akipakua ugali.

Bwana wa binti yangu alikuwa msituni kwenye mbao, hakurudi usiku ule. Mimi nililala chumba kimoja na binti yangu. Kama saa nne nikaamka natetemeka. Nikamgusa mtoto pua, nikaiona baridi. (Pua ya mtoto huwa baridi, wasomaji, sikugusa kifua wala tumbo, ambako ningejua kweli.) Nikatoka polepole nisimwamshe mtu, nikaenda jikoni, nikalikuta jiko la mkaa lina makaa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikasema, mkaa uliokwisha kuwaka hivi hauna madhara. Nikalibeba. Nikafunga mlango na kupiga komeo, maana sisi wa mjini hatulali bila komeo. Halafu, Mungu anisamehe, nikachukua khanga yangu nikaziba nafasi ya chini ya mlango.

Chumba kikapata joto zuri. Binti yangu aligeuka akasema, "Mama, kichwa chaniuma." Nikamwambia ni maziwa hayo yanaingia, lala. Nakumbuka nami kichwa kilianza kunigonga, nikasema ni safari, na baridi, na urefu wa mlima. Nililala usingizi ambao sijapata kuulala tena.

Saa tisa mkwe aliamka kama walivyopatana. Akaenda jikoni kuchukua makaa ya kuwashia nyasi. Jiko halipo.

Hakupoteza dakika kufikiri. Alikuja mbio akausukuma mlango wetu, ukakataa. Akapiga kelele, hatukuitika. Akarudi uani akachukua mchi wa kinu, akapiga kioo cha dirisha la nyumba ya mwanawe mwenyewe, kioo cha kwanza, kioo cha pili, vyote vikaanguka ndani. Dirisha lina nondo, hakuweza kuingia. Kile kishindo na ile baridi iliyomwagika usoni ndivyo vilivyonifungua macho. Nikasikia sauti yake, "Mkwe! Komeo! Fungua komeo!" Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Mlango ulikuwa hatua tatu. Nilitambaa kama mtoto, nikalivuta komeo kwa mikono miwili.

Akanikanyaga akapita. Akamtoa mtoto kwanza, kisha yeye na wale vijana wakamburuta binti yangu, kisha mimi. Wakatulaza uani juu ya gunia. Binti yangu alitapika. Mtoto alikuwa mlegevu, hakulia. Mkwe alifungua koti na sweta lake, akamtia kifuani pake juu ya ngozi yake mwenyewe, akamfunika, akasimama naye penye hewa, akimpapasa mgongo na nyayo. Mimi nilikuwa nimelala nazitazama zile nyota. Sijui ulipita muda gani. Nilipomsikia mtoto analia nilitaka kulia nami, sauti haikutoka.

Kijana mmoja alikwenda kuamsha mwenye gari la mbao, tukapelekwa kituo cha afya alfajiri ile. Njiani palipambazuka, na ndipo nilipoiona. Bonde zima lilikuwa jeupe. Kila jani lilikuwa na ukingo wa chumvi, kila waya wa ua, hata mgongo wa kondoo. Khanga ya binti yangu iliyosahauliwa kwenye kamba ilikuwa imesimama wima kama bati. Maji ya ndoo nyuma ya gari yalikuwa na kioo juu. Lilikuwa jambo zuri la kutazama, na mimi nilikuwa siwezi kulitazama.

Kituoni binti yangu na mtoto walipewa hewa ya oksijeni, nami pia. Tulikaa kutwa nzima chini ya uangalizi, jioni wakaturuhusu. Nesi hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema sisi si wa kwanza, kila msimu wa baridi huwapata watu kama sisi, na wengine hufika wamechelewa. Akanieleza. Mkaa unapowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Kwa hiyo makaa mekundu mazuri yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Ukiivuta huingia katika damu na kukaa mahali pa ile hewa njema tunayoihitaji, mwili ukanyimwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, viungo kulegea, usingizi mzito. Watu hudhani ni homa au uchovu. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, msitafute malaria kwanza, fungueni mlango na tokeni wote nje. Kisha nendeni kituoni hata mkijisikia nafuu. Watoto wachanga na wajawazito huumia mapema kuliko wengine. Jiko lililofunikwa majivu nalo bado latoa sumu hiyo, wala beseni la maji chumbani haliondoi kitu, ingawa najua wengi wenu mmeambiwa hivyo. Mimi pia niliambiwa.

Na ile njia ya mkwe, ya ngozi kwa ngozi na kofia, nesi alisema ndiyo hiyohiyo wanayowafundisha akina mama hospitalini kwa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Nikanyamaza.

Tulipofika nyumbani jioni, mkwe aliniachia mtoto, akashuka shambani. Nikamfuata na vile viatu vyangu vikubwa. Sakitu ilikuwa imeyeyuka zamani. Vya bondeni, vilivyofunikwa nyasi, vilikuwa na nafuu. Vya mteremko, ambako baridi haikuwahi kufika, majani yalikuwa yamekuwa meusi na kulala chini, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Maji yaliyo ndani ya jani huganda na kulipasua, na jua likitoka jani hufa. Wale vijana walitaka kurudi shambani usiku ule, lakini mmoja alikuwa ameenda kuita gari, na mwingine alikuwa akimshika binti yangu kichwa.

Mkwe alichutama akachimbua kidogo kwa vidole chini ya shina moja, akatazama, akarudisha udongo. Akasema baadhi yatachipua, shina halijafa chini. Akashika jembe, akaanza kuvipandishia udongo. Nikamwambia, "Mkwe, shamba hili umelipoteza kwa ajili yangu." Hakuinua uso. Akasema, "Shika ule mstari mwingine." Nikaushika. Tukapandisha udongo mpaka hatuonani.

Baadaye nilisikia kwa binti yangu kwamba alivuna magunia manne mahali alipotazamia kumi na moja. Nilimpelekea fedha kidogo kwa simu, akazirudisha. Nikapeleka tena kwa jina la ada ya yule binti mdogo, hizo hakuzirudisha.

Niliporudi Bunju wajukuu wangu wa hapa walinizunguka. "Bibi, uliiona theluji?" Nikawaambia hapana, theluji ni nyingine. Theluji huanguka kutoka mawinguni, laini kama pamba, nayo kwetu Tanzania iko kileleni Kilimanjaro. Yule mmisionari Mjerumani Rebmann alipoiona kwa mbali mwaka 1848 na kuandika habari zake, wako wataalamu Ulaya waliokataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Msaidizi wake Mwafrika aliyemwongoza njia hakuwa na neno la theluji, akaita baridi, basi. Naona alisema vizuri kuliko wote. Na mvua ya mawe ni nyingine tena, hiyo hata huku twaifahamu. Septemba 2008 karibu na Nyahururu, Kenya, ilinyesha hata mlima ukafunikwa weupe mtupu, watu wakaja kuigusa na kuionja wakisema ni theluji, mpaka watu wa hali ya hewa walipoeleza kwamba ni mawe ya mvua yaliyoshikana. Wajukuu waliridhika. Mmoja aliuliza kama sakitu inaliwa na sukari.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kila mwaka mwelekeo wa kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, na nyanda za juu kusini magharibi hutajwa. Zamani nikisikia radioni nilipunguza sauti, nikisema hayo si yetu. Lakini binti zetu wa Bunju siku hizi wanaolewa Makete na Mbulu na Lushoto, nasi twawafuata na desturi zetu kwenye mabegi. Jirani yangu amekwisha kusafiri. Jiko aliliacha kwangu, nami nimempa zile soksi nene.

Februari mwaka huu mkwe alikuja kwetu kumleta mjukuu, ambaye alikuwa na meno mawili na mashavu kama maandazi. Nanyi mwaijua Februari ya Bunju. Nilimpa chumba kizuri, nikamwashia feni. Usiku wa manane nikamkuta uani, amekaa juu ya ngazi, anajipepea kwa ufuniko wa sufuria. Akasema mle ndani atakufa. Basi tukatandika mkeka chini ya mwembe, nikafunga chandarua kwenye tawi, nikachomeka pindo zake chini ya mkeka pande zote nne, nikarudi ndani.

Sikulala vizuri. Nikatoka kutazama kama chandarua kimeshika. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu aliniambia gizani, "Mkwe, nenda kalale. Huku barafu haishuki."

Nikamwambia, "Mbu wanashuka," nikauchomeka upande mmoja upya.